Nyani Si Mwalimu wa Tumbo Lako

Mwezi wa nne nilipanda vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos, pamoja na wanafunzi wa kidato cha pili na mwalimu wao. Chini ya mkuyu mmoja mkubwa tulikuta kundi la nyani wakila tini, makombo yakitudondokea vichwani. Mwalimu akawasimamisha vijana, akawaambia: "Andikeni hili. Ukipotea porini usiogope njaa. Mtazame nyani. Anachokula, kula. Asichogusa, usiguse. Mwili wake na wako ni mmoja." Wakaandika wote.

Sikumkatiza mbele ya wanafunzi wake. Tulipokuwa tukiteremka nilimvuta kando nikamwambia kwamba alichowaandikisha si kweli. Alinishangaa. "Mzee, hili si linajulikana na kila mtu?"

Ndiyo, linajulikana na kila mtu. Nimelisikia redioni, nimelisikia kwa waongoza watalii, nimelisoma katika makundi ya simu ya watu wanaopanda milima Jumamosi. Wengine huweka ndege mahali pa nyani, wengine huweka mbuzi. Kanuni ni ile ile: mnyama amekuonjea, wewe kula. Inapendwa kwa kuwa ni fupi na haimdai mtu kujifunza chochote. Mtu aliyekulia mjini anaiweka mfukoni na kujiona mwenyeji wa pori kwa siku moja. Mimi nasema ni uongo, tena wa aina inayozika watoto, na sioni sababu ya kuusemea kwa upole.

Tuanze na wanyama wenyewe, maana ndio mashahidi walioitwa. Katika msitu wa Jozani, Unguja, wako kima punju, kima wekundu wasiopatikana nje ya Zanzibar. Punju ni sumu, na wenyeji waliowapa jina hilo hawakuwa na nia ya kuwaiga. Kima hao hula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazozuia mmeng'enyo wa chakula. Kisha huenda kwenye matanuri ya mkaa na visiki vilivyoungua, wakatafuna mkaa. Watafiti waliowafuatilia walikuta kwamba mkaa ule hunasa kemikali hizo tumboni. Sasa niambie, mwanafunzi wetu aliyepotea anapomwona kima akila jani asubuhi, atamwona pia akila mkaa jioni? Mbega naye, ndugu yake, ana tumbo la vyumba vyumba, lenye vijidudu vinavyochachusha majani kabla damu haijaguswa. Mwili wake na wangu si mmoja hata kidogo.

Utaniambia nyani ni tofauti, tumbo lake linafanana na letu. Sawa. Mtazame basi kwa umbali unaomruhusu yeye kubaki mtini. Anachuma tunda, anamenya, anajaza mifuko ya mashavu, anatema kitu. Ametema nini? Tunda la mtonga wa pwani lina nyama nzuri, tunaila sisi, anaila nyani. Mbegu zake hazitafunwi. Mtonga ni wa jenasi iitwayo Strychnos, na ndugu yake wa India ndiye aliyeipa dunia sumu ya strikinini. Ukiwa hatua 30 chini ya mti huoni kama nyani ametafuna mbegu au ameitema. Unaona mdomo unaocheza tu, na juu ya mdomo huo unaambiwa uweke maisha yako.

Ndege ndio wabaya zaidi kama mashahidi. Kila nyumba ya pwani inajua kwamba ndege hula pilipili kichaa na kuzisambaza ugani. Hula kwa raha kwa kuwa ukali ule unaotuwasha sisi, wao hawausikii. Wala si ndege peke yao. Ulaya kuna mmea wa sumu kali uitwao Atropa belladonna, na wako sungura wanaoula bila madhara, kwa kuwa ini lao lina kimeng'enya kinachoivunja sumu hiyo. Huku kwetu Laikipia, tembo na swala pala hula matunda ya ndulele, yale ya manjano yanayofanana na nyanya chungu ndogo, ambayo mchungaji yeyote wa Kenya atakukataza usiyatie mdomoni.

Lakini shahidi ninayemtaka hasa ni panya. Yuko panya mmoja mkubwa wa milima ya Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu ya kijivu na meusi, kipimo cha sungura mdogo. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora, na wenzake walieleza jinsi anavyojilinda. Panya huyo hutafuna gome la msunguti, mti ambao Wakamba hutengenezea sumu ya mishale, akachanganya na mate yake, akajipaka ubavuni kwenye nywele maalumu zinazofyonza ule mchanganyiko. Mbwa akimng'ata huugua vibaya, na wapo waliokufa. Panya mwenyewe anaendelea na safari. Sumu iliyouangusha mwili wa tembo katika zama za uwindaji imo kinywani mwake, na yeye hana habari. Kijana aliyeandika kanuni ya mwalimu, akimkuta panya yule akiguguna gome, atafanya nini?

Hapo watetezi huhama. Wanasema haya, tumwache mnyama, zipo kanuni nyingine: kichungu ni sumu na kitamu ni chakula, chekundu ni hatari, ukichemsha sana sumu hutoka, onja kidogo, ngoja, ukiona kimya endelea. Nimezisikia zote, nyingine zikiwa zimetoka katika vitabu vya majeshi ya ng'ambo, na zinafia mahali pamoja.

Mchunga ni mchungu kama jina lake, na pwani nzima inakula mchunga. Managu, majani ya mnavu, ni machungu kiasi kwamba mama hutia maziwa. Mbono kaburi, ule unaopandwa kuwa ua na kando ya makaburi, una mbegu zenye ladha ya kupendeza kama karanga, na ndiyo maana watoto huzila kwa wingi na kufikishwa zahanati wakitapika na kuhara. Ulimi haukuumbwa uwe mpima sumu. Rangi nayo? Tipitipi ni nyekundu yenye jicho jeusi, na ukiitafuna mbegu hiyo inaweza kukuua. Matunda ya mnavu ni meusi, yakiiva watoto huyala, yakiwa mabichi ya kijani yana sumu ile ile ya kiazi kilichochipua. Tunda moja, shina moja, tofauti ni siku chache.

Kuhusu kuchemsha nataka kukaa kidogo, maana hapa wanaodhurika ni watu wazima wenye akili zao. Mwaka 2019, Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada. Uchunguzi ulikuta unga umeingiliwa na sumu ya mnanaha, magugu yenye maua meupe ya tarumbeta yanayoota kwenye majalala na mashamba ya soya. Uji ule ulikuwa umepikwa jikoni, umechemka. Sumu ya mnanaha haisikii moto wa jiko. Sumu ya mhogo mchungu ni kinyume chake: hutoka, lakini kwa kulowekwa na kuanikwa kwa siku zake zote. Mwaka 1981 ukame ulipoibana Nampula, Msumbiji, familia zilizokuwa zikiujua mhogo tangu mababu zilizifupisha siku hizo kwa ajili ya njaa. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Kisamvu hutwangwa kwanza ndipo kikachemshwa. Kila mmea una jiko lake. Asemaye "chemsha tu" hajawahi kuwauliza wapishi.

Na yule wa kuonja kidogo akangoja, ngoja yake ni ya saa ngapi? Uko uyoga ambao sumu yake hukaa kimya saa 6, pengine 24, mlaji akilala vizuri na kuamka akisifu mboga, huku ini limekwishaanza kuharibika.

Kwa nini kanuni hizi zote zinaanguka? Kwa sababu zinadhani mimea ni umati wenye tabia moja. Wataalamu walioianza kazi ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1948 waliimaliza mwaka 2012, na hesabu yao ni spishi 12,104. Hakuna sentensi moja inayoweza kusema kweli juu ya viumbe 12,104.

Nitakwambia jinsi nilivyofundishwa mimi. Mwaka 1984 mvua ilikataa Ukambani. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na susu, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu, ndiye aliyetulisha. Alitutuma milimani kuchuma mukawa. Mukawa ni kichaka ambacho Wamaasai wanakiita olamuriaki, chenye maua meupe yenye harufu tamu, majani magumu yanayong'aa yakikaa mawili mawili yakitazamana, utomvu mweupe ukilivunja jani, na matunda madogo yanayoanza kijani, yakawa mekundu, yakaishia zambarau iliyokaribia weusi. Ni matamu sana.

Sasa soma maelezo hayo tena, maana msunguti, mti wa sumu ya mishale, ni hivyo hivyo. Maua meupe yenye harufu tamu. Majani magumu yanayong'aa, mawili mawili. Utomvu mweupe. Matunda ya kijani, kisha mekundu, kisha zambarau. Ni wa ukoo mmoja na mukawa na huota naye kwenye mawe yale yale. Sumu yake hushika moyo. Jina ambalo wanasayansi wameipa sumu hiyo, wabaini, limetokana na neno la Kisomali la mti huu, kwa jinsi Wasomali na sisi tulivyoujua kabla yao. Kwa kulikoroga zaidi jambo, wako ndege wanaokula matunda ya msunguti, na ziko sehemu ambako tunda lililoiva kabisa huliwa hata na watu, ilhali lililo bichi limeleta maafa. Mtoto anayefuata ndege atachuma lipi?

Susu hakutaja ndege wala nyani. Alitushika mikono, mmoja mmoja, akatupitishia kidole kwenye tawi la mukawa mpaka mwiba ukatuchoma. Mukawa una miiba. Kisha akatupeleka kwenye msunguti, akatuamuru tutafute mwiba. Tulitafuta mpaka tukachoka. Hauna. "Kabla ya mdomo, kidole," alisema. Kila tulipokwenda mlimani ilibidi tumwonyeshe alama za miiba mikononi kabla hajapokea kikapu. Asiyekuwa na mikwaruzo alimwagiwa matunda yake chini, yote, katika mwaka wa njaa. Nililia siku moja kwa ajili hiyo. Tulikuwa watoto saba chini ya mikono yake na hakuna aliyelishwa kisichojulikana.

Alichokuwa anafanya ni elimu iliyokamilika: jina la mmea, alama isiyokosea, sehemu inayoliwa, hali ya kuliwa, na juu ya yote pacha wake mbaya, aonyeshwe siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Kwa hiyo siwezi kuvumilia ninapoambiwa kwamba kumfuata nyani ni "hekima ya wazee". Wazee gani? Muulize mama yeyote wa Mtwara anayechimba ming'oko kama humtazama ngedere. Anakijua kitawi kilichokauka, anajua kinavyojizungusha, anajua ardhi yake, na anajua kwamba katika jamii hiyo hiyo ya viazi vikuu vya porini vimo vyenye sumu visivyosogezwa sufuriani kama ming'oko. Wawindaji wa sumu, wachunga mbuzi, wakunga, wote walikwenda kwa majina. Kanuni ya nyani imetungwa na mtu aliyeyasahau majina, kisha akawabandikia wazee ili ipate heshima.

Hoja yao ya mwisho, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni ya dharura. Wanasema: mtu amepotea, hana mwalimu, hana susu, afe? Najibu kwamba aliyepotea hauawi na njaa kwanza. Kiu humwua mtu ndani ya siku chache, baridi ya mlima ndani ya usiku mmoja, lakini mtu mzima mwenye afya huweza kukaa wiki kadhaa bila chakula. Wengi wanaotafutwa milimani hupatikana mapema kuliko hapo, kabla hawajahitaji matunda. Maji, nguo kavu, kukaa mahali pamoja, kupiga kelele: hayo ndiyo ya kumwandikisha mwanafunzi. Akijaza tumbo kwa tunda asilolijua anaanza kutapika na kuhara, anapoteza maji yale yale ambayo hana. Na kwa upande wa pili, mwanakijiji anayekula mimea ya porini kwa miezi kwa sababu shamba limekataa, huyo hana haja ya kanuni ya dharura, ana haja ya majina. Kwa hiyo kanuni hii haimsaidii aliyepotea na haimsaidii mwenye njaa. Anayefaidika nayo ni msimulizi peke yake.

Simu nayo imeingia. Wanafunzi wale wa Iveti walinionyesha programu inayopiga picha ya mmea na kutaja jina. Si adui yangu. Jina inalotoa linaweza kuwa mwanzo wa kuuliza. Lakini nilipowaomba wapige picha ya tawi, walipiga majani na maua, miiba ikabaki nje ya picha. Picha hainusi, haivunji jani kuona utomvu, haichimbi mzizi, haijui kama tunda ni la leo au la wiki ijayo. Anayekula kwa ruhusa ya picha amemfuata nyani mwingine.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili kabisa, wakataka watoto wakatazwe pori lote. Nawapinga kwa nguvu ile ile. Nimewasikia ndugu zetu walioko Uingereza wakiambiwa kwamba managu yao ni sumu, kwa kuwa Kiingereza kimeipa mnavu na belladonna jina la ukoo mmoja. Ni ujinga ule ule uliogeuzwa. Mukawa, ubuyu, kunazi, furu, mabungo, mgagani: hiki ni chakula, na taifa linalokisahau linakuwa maskini zaidi. Maarifa yake hayajapotea. Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliyaandika katika kitabu kikubwa cha mwaka 1999, na Christopher Ruffo na wenzake walifanya hivyo kwa Tanzania mwaka 2002. Vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza, na shule iliyokuwa mlimani siku ile haikuwa na hata kimoja. Mimi ningeanza na mimea kumi tu ya kila wilaya, na mapacha wake wabaya, na vidole vya watoto juu ya miiba.

Tena tukitaka kujifunza kwa mnyama, tujifunze kwa namna ya Mahale. Mwaka 1987, katika milima hiyo iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe jike aliyeitwa Chausiku alionekana mgonjwa, amelala muda mwingi, mwanawe akihangaika. Akaufikia mmea ambao Watongwe wanauita mjonso. Akavunja chipukizi, akamenya gome, akatupa majani, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake machungu, akatema nyuzi. Siku ya pili alikuwa na nguvu. Michael Huffman, mtafiti, aliona. Lakini aliyejua kilichoonekana ni Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa naye, maana mjonso kwao ni dawa ya tumbo na alikuwa analijua jina lake kabla sokwe hajaufikia. Chausiku mwenyewe hakula mmea, alikula sehemu moja ya mmea, siku ya ugonjwa, akaacha majani yenye sumu zaidi. Asiyejua angeondoka pale akaandika "sokwe anakula mjonso" na kesho yake akachuma majani.

Nimempigia simu mwalimu yule. Tumekubaliana kurudi Iveti na wanafunzi wale wale mukawa zitakapoiva. Nitapanda na mama mmoja anayekata kuni huko, ambaye siku moja, katika mwendo wa nusu saa, alinitajia mimea 23 kwa majina na matumizi yake, na mara tatu alisimama, akaligeuza jani, akalinusa, akaniambia: "Huu siujui," akaendelea na njia. Nataka vijana wayasikie maneno hayo kutoka kinywani mwake, wafungue daftari zao pale walipoandika habari ya nyani, wayaandike.